Kula konoba Kroatia: pweza wa peka anaagizwa siku moja kabla (uzi mrefu)

#1 Mpalia_Makaa

Wakuu habarini za saa hizi. Kuna watu humu walinifuata inbox kuniuliza safari yangu ya Kroatia ya mwaka jana mwezi wa tisa, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niushushe uzi kabisa, anayepanga kwenda msimu huu naye afaidike. Nitauleta kwa vipande maana naandika nikiwa mapumziko ya kazini.

Kwa wasionijua mimi ni mpishi, mtoto wa Jambiani, nimepika hoteli za kwetu miaka minane kabla sijaja Munich. Mama na mashangazi zangu wote ni wachokoaji pweza, maji yakitoka tu unawaona huko mwambani na vijiti vyao. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonipeleka Kroatia. Kazini kuna mzee mmoja wa kuosha vyombo, Mdalmatia, yaani mtu wa pwani ya Kroatia, siku moja ananihadithia kwamba kwao pweza anapikwa chini ya kifuniko cha chuma kinachoitwa peka, makaa yanawekwa juu. Mimi nikamwambia ngoja kwanza, rudia. Sisi tunaita kupalia! Bibi yangu akishakaukisha wali anapunguza moto chini anapalia makaa juu ya kifuniko, na mkate wa kumimina ni hivohivo. Nikasema lazima nikakione kitu hiki kwa macho.

Tulikwenda watatu, mimi, Mchaga mmoja tunayepika naye jiko moja na jamaa wa Bujumbura. Basi la usiku kutoka Munich mpaka Split. Kroatia imeingia Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tarehe 1 Januari 2023, na siku hiyohiyo wakaacha hela yao ya zamani iliyoitwa kuna wakaanza kutumia yuro, kwa hiyo mwenye kibali cha kuishi Ujerumani haombi viza nyingine. Ila bebeni pasi na kibali chenyewe, sisi basi lilisimamishwa mpakani na Slovenia polisi wakapita kiti kwa kiti.

Sasa siku ya kwanza tulikosea. Tumefika tuna njaa, tukakaa mgahawa wa kwanza karibu na bahari, jina siliweki. Menyu ya lugha sita na mapicha. Mhudumu akaja na sinia la samaki wabichi juu ya barafu, mimi mwenyewe nikafunua shavu la mmoja, jekundu, macho yamesimama, nikasema huyu. Kwenye menyu imeandikwa 75, sisi tukajua ndiyo bei ya samaki. Kumbe ni bei ya kilo, na yule alikuwa kilo moja na gramu 300. Bili ikaja: samaki yuro 97.50, mboga sahani mbili 14, maji chupa mbili 12, na yuro 9 za kitu kinaitwa kuver, yaani tatu tatu kila kichwa kwa mkate ambao hatukuuagiza. Jumla 132.50. Na samaki mwenyewe kakaushwa mpaka nyama inakatika kama ubao. Hilo liliniuma kuliko hela, samaki mzuri vile.

Kuuza samaki kwa kilo si wizi, pwani yote ile wanafanya hivyo, hata konoba za maana, yaani migahawa yao ya kienyeji. Samaki weupe kama brancin na orada ndio ghali, srdele ambao ni dagaa-papa na wale wanaofanana na vibua wako chini sana. Wewe sema kabla hajaenda jikoni: mpime kwanza, niambie atakuwa yuro ngapi. Hakuna anayenuna.

Kipande cha pili jioni.

#2 Mama_Kachori

Niko hapa nimekaa. Kupalia umenikumbusha mbali, hawa watoto wa siku hizi na oveni zao hawajui mkate wa kumimina wa makaa unavyopasuka juu. Endelea mwanangu.

#3 Jamaa_wa_Kisumu

Boss kwani mlilipa tu hiyo 132 bila kuteta? Mimi ningeitisha meneja hapo hapo.

#4 Mpalia_Makaa

@Jamaa_wa_Kisumu tulilipa. Neno la kilo lilikuwepo pembeni pale, dogo, sisi hatukuliangalia. Ila mhudumu mwenye utu angetuambia.

#5 Mpalia_Makaa

Naendelea.

Asubuhi ya pili tukaenda Pazar, soko la mboga la Split, liko ubavuni kabisa mwa ukuta wa kasri la Diocletian, yule mfalme wa Roma aliyejijengea pale aje astaafu. Kasri la miaka kama 1,700 na watu mpaka leo wanaishi humo wameanika nguo madirishani. Mimi macho yangu yote kwenye mboga. Naona majani makubwa yenye mabua meupe mapana yamefungwa mafungu, nikayajua palepale. Wao wanaita blitva. Wakuu hii ndiyo spinachi yetu ya sokoni, tunayouziwa Darajani na Kariakoo, ile spinachi halisi ya Wazungu ni nyengine, jani lake dogo laini. Wanaichemsha na mbatata, wakishachuja maji wanaiponda kidogo na thomu na mafuta ya zeituni mengi, na hiyo inakaa pembeni ya karibu kila samaki. Chakula cha kimasikini kabisa, na kitamu.

Mama mmoja muuza tini, mwanawe anajua Kiingereza, akatuelekeza konoba iliyo nyuma ya soko. Neno konoba zamani lilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya mawe, mnakaa mapipa ya mvinyo, mafuta, samaki wa chumvi na nyavu. Baadaye watu wakaweka meza humo. Saivi kila mtu anaandika konoba mlangoni hata anayeuza piza, kwa hiyo neno peke yake lisikudanganye. Tazama menyu, ikiwa fupi na ya siku hiyo imeandikwa kwa mkono, halafu tazama nani amekaa. Sisi tulifika saa tano asubuhi tukakuta mafundi wa ovaroli na wazee wa sokoni wanakula chakula kizito. Huo mlo unaitwa marenda, uko katikati ya chai na chakula cha mchana, na hapo ndipo pa kula kwa bei ya wenyeji. Tulikula kwa yuro 12 mtu mmoja.

Mimi nilipewa brudet. Mchuzi wa samaki wa aina tatu nne, kitunguu kingi, tungule, mafuta ya zeituni na siki. Nikauliza kuna mvinyo ndani, mama wa pale akasema yeye anatia siki tu. Kisha akanionyesha kwa mikono kwamba brudet haikorogwi, sufuria inashikwa masikio inatikiswa, ukitia mwiko samaki wanavunjika. Nilicheka kwa furaha jamani, maana maneno hayo nimeambiwa na mama yangu mara elfu. Na kinakuja na nini? Na palenta, unga wa mahindi wa njano uliosongwa. Umelegea kuliko ugali, unamiminwa sahanini na unakula kwa kijiko, lakini ni ugali. Jamaa wa Bujumbura aliomba sahani ya pili ya palenta tupu, yule mama akaja kumtazama anavyokula.

Mchaga yeye alichukua pašticada, inatamkwa pashtitsada, ndicho chakula chao cha harusi. Pande la nyama ya ng'ombe linatobolewa kwa kisu, matundu yanashindiliwa thomu na bekoni, linalazwa kwenye siki usiku kucha, kisha linapikwa taratibu masaa na plamu kavu na mvinyo mtamu unaitwa prošek mpaka mchuzi unakuwa mweusi mzito, unaliwa na njoki, vidonge vya mbatata na unga. Mimi siwezi kukila. Ila sahani ilipotua mezani harufu ilinifikia nikasimamisha kijiko. Karafuu. Si kidogo, karafuu kabisa, kama unapita Pemba msimu wa mavuno zimeanikwa majamvini kando ya barabara. Nikamuuliza yule mama akaenda jikoni akarudi na kikopo, karafuu na kungumanga, akaniwekea mkononi. Nilimwambia hizi zinaota kwetu, akamwita mumewe aje aniangalie.

Basi nikauliza, peka ipo? Akatikisa kichwa. Sutra. Maana yake kesho. Peka leo haipo, wala si hapa kwake tu, popote penye peka ya kweli huingii ukaagiza ukala. Akachukua simu akampigia ndugu yake kisiwa cha Brač, kijiji kinaitwa Dol. Yule wa upande wa pili akauliza maswali matatu: watu wangapi, saa ngapi, na mnataka nini, kondoo, ndama au pweza. Na hapa wakuu ndipo nataka mnisikilize. Kila mtu analalamika ooh peka usumbufu, lazima upige simu siku moja kabla. Mimi Muislamu, kwangu ile simu ndiyo iliyofanya nile. Kwa kawaida katikati ya mapishi wanamwagia gilasi ya mvinyo mweupe. Kwa sababu mpishi alikuwa bado hajawasha hata moto niliweza kusema pweza, bila mvinyo, bila mafuta ya nguruwe, akajibu nema problema, hakuna tabu. Ukikaa mezani saa saba mchana ndio unaanza kuuliza kuna mvinyo, sufuria limeshapikwa zamani, hata akitaka kukusaidia hawezi.

#6 Ukhti_Mwera

Asante kaka kwa kuliweka wazi hili, wengi wanaona haya kuuliza. Ina maana nyama zao si halali? Na siki ya mvinyo je?

#7 Mpalia_Makaa

@Ukhti_Mwera nyama ya konoba ya kawaida usiitegemee, haijachinjwa kiislamu, ndio maana mimi nilikaa na vya baharini safari nzima na sikupungukiwa. Tahadhari ni pršut, paja la nguruwe la chumvi lililokaushwa kwa upepo, vipande vyake wanavitia hata kwenye vyakula usivyotarajia, na mvinyo ambao wanautia kwenye kome wa buzara na kwenye wali mweusi wa wino wa ngisi. Siki imeshageuka, mimi kwa nilivyosomeshwa naila, mwenye shaka aache. Jifunze maneno mawili, "bez vina" bila mvinyo, "bez svinjetine" bila nguruwe. Niliyatumia kila siku.

#8 Msomi_Zagreb

Salaam, mimi niko Zagreb mwaka wa tatu nasoma. Nyongeza kwa Ukhti: Uislamu hapa unatambuliwa na sheria tangu 1916, msikiti wa Zagreb umefunguliwa 1987 na wa Rijeka 2013, kwa hiyo mkiwa mijini halali inapatikana, ukiwa kijijini kisiwani ndiyo fuata ushauri wa mtoa uzi.

Ila mkuu Mpalia nina malalamiko kidogo. Watu wakisema chakula cha Kroatia wanaishia pwani tu. Huku kaskazini ni nchi nyingine kabisa ya chakula. Zagreb na Zagorje kuna štrukli, unga unatandazwa mezani mpaka mwembamba kama kitambaa, unatiwa jibini laini, unakunjwa unakatwa vipande, wa kuchemsha au wa kuoka na malai juu, na wa kuoka ukija unatokota bado kwenye kibakuli cha udongo. Marenda yenu sisi tunaita gablec. Bata mzinga na mlinci, mikate myembamba mikavu inayoroweshwa. Ukienda Slavonia mashariki ndiko kwenye pilipili nyekundu ya unga, fiš paprikaš, samaki wa mtoni anapikwa kwenye chungu kimening'inizwa juu ya moto, mchuzi mwekundu unawasha kweli. Mimi mtu wa pilipili, Dalmatia nililala na hamu, chumvi na mafuta basi.

#9 Mpalia_Makaa

@Msomi_Zagreb uko sawa mkuu, mimi nimefika pwani tu na uzi wangu ni wa pwani. Ile fiš paprikaš naiandika kwenye safari ijayo. Ila kusema chumvi na mafuta basi, hapo tutabishana, subiri kipande cha tatu.

#10 Baharia_Mstaafu

Vijana nawasoma. Mimi bandari za kule nimezipita, Rijeka na Ploče. Hamjataja Ston. Ukitoka Split kwenda Dubrovnik, siku hizi kuna daraja la Pelješac, limefunguliwa Julai 2022, Wachina ndio waliolijenga, zamani ilibidi ukate kipande cha Bosnia pale Neum, foleni za pasi mara mbili. Ukishavuka uko karibu na Mali Ston, ghuba ya chaza. Wanafugwa kwenye kamba majini, anavutwa anafunguliwa mbele yako, limau, unameza mbichi. Ston yenyewe ina mashamba ya chumvi ya zamani na ukuta wa mawe unapanda mlima zaidi ya kilomita tano, ulianza kujengwa karne ya 14 kuilinda hiyo chumvi. Mtu analinda chumvi kwa ukuta wa kilomita tano, hapo ujue chumvi ilikuwa nini kwao.

#11 Jamaa_wa_Kisumu

Samahani naweza kuwa nauliza kitu nyeti. Mlipokelewa aje? Watu weusi watatu kijijini kisiwani.

#12 Mpalia_Makaa

@Jamaa_wa_Kisumu swali zuri na nitalijibu humu ndani. Kipande cha tatu hiki hapa, kaeni vizuri.

Feri inatoka Split inakwenda Supetar, karibu dakika 50. Kutoka Supetar basi mpaka Postira, halafu tukapanda kwa miguu kama nusu saa bondeni mpaka Dol. Nyumba za mawe meupe, mapaa mengine nayo ya mawe. Brač ndiko kwenye lile jiwe jeupe lililojengewa kasri la Split. Njiani mizeituni, tini, na kuta za mawe zimepangwa bila udongo wala saruji, mtu unajiuliza ni mikono mingapi.

Nilikuwa nimeomba nifike mapema nione moto unavyowashwa. Saa nne tuko pale. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, kanga hana lakini kajifunga kitambaa kichwani vilevile kama mama yangu anavyojifunga akiwa jikoni. Ana komin, yaani jiko la mawe lililoinuliwa usawa wa kiuno, bomba la moshi juu. Kuni za mzeituni na mizabibu zilikuwa zimeshawaka zinaanza kuwa makaa. Akaniletea pweza nimuone, wa kilo mbili na nusu hivi, akasema alimgandisha kwenye friza siku tatu kisha kamwachia ayeyuke usiku. Nikamwambia sisi tunampiga mwambani mpaka alegee. Babu mmoja alikuwa kakaa mlangoni akadakia, na sisi zamani kabla ya friza tulimpiga kwenye mwamba, akanyanyua mkono akaonyesha. Kazi ni moja, nyuzi za nyama lazima zivunjwe, ama kwa kipigo ama kwa barafu.

Akachukua sinia la duara la kina kifupi, akatandaza mbatata zilizokatwa nusu, vitunguu, thomu nzima nzima, karoti, tawi la rozmari. Pweza juu yake mzima, mikono imekunjwa ndani. Mafuta ya zeituni akamimina bila kupima. Maji hakutia hata tone, na chumvi hakutia, akasema pweza ana bahari yake ndani. Akayasogeza makaa kando, akafagia sakafu ya jiko kwa kifagio kifupi mpaka jiwe likabaki tupu la moto, akaweka sinia hapo. Halafu ndiyo ikaja peka yenyewe, kifuniko cha chuma kama kawa kubwa, kina ukingo wa kuzuia makaa yasiporomoke na pete juu. Kakiteremsha kwa ndoano. Majivu kwanza, kisha makaa juu ya majivu. Nikauliza kwa nini majivu kwanza, akasema makaa matupu yanaunguza ngozi kabla ndani hakujaiva. Bibi yangu alikuwa akinyunyiza majivu juu ya makaa ya wali, sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Basi dakika 45 hakuna kugusa. Lakini hakuondoka. Kila baada ya muda anainama anasogeza sikio. Akaniita nisikilize. Ndani kuna sauti ya mchemko wa maji mengi, blub blub, pweza anatoa maji yake. Baadaye sauti ikageuka ikawa nyembamba, ya kukaanga, kama mafuta yanavyolia kwenye kikaango ukitia kitunguu. Hapo ndipo alipofunua. Mvuke ulipanda mpaka bombani. Pweza kawa mwekundu wa kukoza, kasinyaa nusu. Akamgeuza, akageuza mbatata, na pale ambapo angemwaga mvinyo akakamua limau zima na kumwagia kikombe cha mchuzi wa samaki. Akafunika tena dakika 40. Saa hana ukutani wala simu hakuitazama.

Msomi_Zagreb, chumvi na mafuta basi, ndiyo, lakini mkuu mbatata zile zimekunywa maji ya pweza yote, chini zimeshika ukoko wa kahawia na juu laini, na moshi wa mzeituni umeingia. Pweza unamkata kwa ubavu wa uma. Mimi nimempika pweza wa nazi tangu nina miaka kumi na mbili na simwachi mpaka nafa, ila siku ile nilimuonja pweza mwenyewe. Tulikaa kimya wote watatu, hata Mchaga anayeongea hata akitafuna.

Kuhusu kupokelewa. Njiani walitutazama, watoto wawili walitufuata mpaka kona, hakuna aliyetutusi. Yule babu wa mlangoni aliuliza tunatoka wapi, nikasema Zanzibar, Tanzania, akasimama. Alikuwa baharia enzi za Yugoslavia, Mombasa na Dar es Salaam alifika. Akataja Tito, rais wa Yugoslavia enzi hizo, na Nyerere kwa pamoja kama mtu anayetaja majirani zake. Tito kweli alifika Tanzania 1970, na Waafrika wengi walisoma vyuo vya kule enzi zile, kwa hiyo kwa wazee wa rika lake sisi si wageni kabisa. Nilipotaka kuinuka nikasaidie kuondoa vyombo akanishika bega akasema "pomalo, pomalo". Nikauliza maana yake, wakanieleza, nikamwambia sisi tunasema pole pole. Akarudia hilo neno mpaka tunaondoka.

Mwisho ikaja hrapoćuša, keki ya Dol yenyewe, ya jozi na viini vya mayai, juu imekwaruza kama mwamba wa kijiji uliopewa jina hilo. Hii ya kwake ilikuwa na maraskino kidogo, pombe ya cheri, kwa hiyo walikula wenzangu, mimi nikaletewa tini kavu na lozi bila kuomba, kumbe aliziweka kando tangu jana baada ya ile simu. Peka ilikuwa yuro 28 kila mtu, yaani 84 wote watatu. Linganisheni na ile 132.50.

Mkipanga, jueni konoba nyingi za visiwani zinafunga majira ya baridi, nendeni kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, na Julai na Agosti msongamano na joto ni kali.

#13 Baharia_Mstaafu

Huyo babu nimemwelewa sana. Meli zao tulikuwa tunakutana nazo gatini Dar, wapishi wao wakituita tule. Ukienda tena msalimie.

#14 Msomi_Zagreb

Nimesalimu amri kwa hizo mbatata. Nauli ya basi Zagreb–Split nishaanza kuiangalia.

#15 Mama_Kachori

Mwanangu nimesoma mara mbili. Nikitaka kufanya huku Tanga bila hiyo peka?

#16 Mpalia_Makaa

@Mama_Kachori mama yangu hiyo kazi unaiweza kuliko mimi. Chukua sufuria zito la bati pana, si jembamba litaunguza. Pweza apigwe vizuri au agandishwe siku mbili tatu. Mbatata chini, spinachi usiitie humo, ichemshe pembeni. Mafuta ya zeituni yakiwa ghali tia ya alizeti, thomu nyingi, maji usitie. Moto wa chini uwe mdogo, makaa matatu manne tu, wa juu ndiyo mwingi, na majivu kwanza. Chumvi onja mwisho.

#17 Mama_Kachori

Nimerudi na majibu ya Jumapili. Ladha imekubali, mbatata watoto wamegombania, ila pweza alikuwa mgumu kidogo katikati. Nimempiga vizuri kabisa.

#18 Mpalia_Makaa

Ulifunua mara ngapi mama?

#19 Mama_Kachori

Kama mara tano hivi, nilikuwa naogopa asiungue.

#20 Mpalia_Makaa

Ndiyo hapo. Kila ukifunua joto la juu linatoka na inachukua dakika nyingi kurudi, na ule mvuke ndio unaomlainisha. Rudia, funua mara moja tu, pale utakaposikia imeacha kuchemka imeanza kukaanga. Weka sikio.